Alilazwa Upande Gani?

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Edna Chepkoech anaingia chumbani mwa Bi Harriet, huko Annandale, Virginia. Anakunja mikono ya sweta na kusugua viganja vipate joto. Amekwisha kuendesha gari karibu saa nzima kutoka kwake Germantown, upande wa Maryland. Anapitisha mkono mmoja chini ya bega la bibi huyo wa miaka tisini na mitatu, mwingine chini ya nyonga, anahesabu moja, mbili, tatu, kisha anamgeuza asipate vidonda vya kulala.

Halafu anachukua daftari linaloning'inia kitandani na kuandika saa, na maneno matatu: ubavu wa kulia.

Daftari kama hilo si la kudharau. Ndilo lililompatia Edna babu yake.

"Kazi yetu ndiyo hiyo, kugeuza na kuandika," anasema. "Usipoandika, wanasema hukufanya. Nimeandika watu wamelala upande gani kwa miaka ishirini na mbili. Sikujua Mungu ananifundisha kitu."

Edna, mwenye miaka 56, ni mzaliwa wa Bomet, Kenya. Huuguza wazee majumbani kwao kwa dola 19 kwa saa, na wikendi hushika zamu nyingine katika makao ya wazee kule Landover. Binti yake, Audrey, ana miaka 29 na amebakiza wiki tatu kujifungua mtoto wa kiume, mjukuu wa kwanza wa Edna. Mtoto huyo, hata kabla hajaiona dunia, amemzidishia bibi yake ugomvi na parokia nzima ya Uingereza.

Kisa kinaanzia mwaka 1936. Babu yake Edna, Mosonik, alikuwa mtunza farasi wa mlowezi mmoja wa Kiingereza karibu na Kericho. Mlowezi akaugua, akaamua kurudi kwao, akamchukua Mosonik amhudumie njiani na huko aendako. Mosonik aliaga akisema angerudi mvua za mwaka uliofuata. Aliacha mke, mtoto wa kiume wa miaka minne ambaye baadaye alimzaa Edna, na mimba changa.

Hakurudi. Barua haikuja, wala salamu.

Sasa, kwa Wakipsigis, kabila la Edna, mtoto anapozaliwa, wanawake wazee wa ukoo humwitia majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine. Jina ambalo mtoto atalipigia chafya ndilo lake, na mwenye jina amerudi nyumbani. Lakini huitwa wafu tu. Kumwita aliye hai ni kumchimbia kaburi.

Na Mosonik, nani alimwona akifa?

Ile mimba changa leo ni Shangazi Chebet, miaka 88, mwita majina wa ukoo. Ameita majina kwa watoto zaidi ya arobaini, na kila mara akifika kwa baba yake humruka.

"Nilimwambia, Shangazi, huyu mtu angekuwa na miaka mia na ushee!" Edna anasimulia akicheka. "Akaniuliza, 'Wewe ulimzika? Basi nyamaza.'"

Anacheka, lakini jambo lenyewe linamuuma. Bibi yake alifariki mwaka 1979 akiwa si mke wala mjane, kwa sababu hakuna aliyethubutu kumnyoa nywele za msiba. "Alikaa mlangoni miaka arobaini na tatu akimngoja mtu. Huo ni ukatili, na hakuna aliyewahi kuomba msamaha."

Mambo yaligeuka miaka miwili iliyopita. Bi Harriet, mkutubi mstaafu, alikuwa akitafuta kaburi la mhenga wake katika kijiji kimoja cha Uingereza, na kwa kuwa macho yake yamechoka, Edna ndiye aliyekuwa akimsomea kompyuta. Siku moja Edna akaona imetosha. Kama wafu wa wenzake wanatafutwa, wake wana kosa gani? Akaandika jina la yule mlowezi.

Jina likamfikisha kwenye kijiji kiitwacho Aldercombe. Akaiandikia parokia. Baada ya wiki mbili ilikuja picha ya jiwe dogo karibu na ukuta wa kanisa, limeota kuvu. Lilisema: Tom, mtumishi mwaminifu, kutoka Afrika, 1938.

"Nilikasirika mno," Edna anasema. "Tom! Tom ni nani? Mtu ana mke, ana watoto, ana ng'ombe, halafu mnamzika kama paka wa nyumbani?"

Aliomba jina Mosonik liongezwe kwenye jiwe. Parokia ilijibu kwa adabu tele kwamba hapakuwa na ushahidi kwamba Tom ndiye Mosonik, na kwamba, hata hivyo, uwanja wa makaburi ulikwisha kufungwa.

"Umefungwa! Kwani nimeomba kuzikwa?"

Mpaka sasa amewaandikia barua kumi na moja.

Wapo waliomshauri aachane na mambo hayo. Mchungaji Gad, Mkongo anayeongoza kanisa la Kiswahili anakosali Edna, alimvuta kando baada ya ibada. "Mama Edna, wafu tuwaachie wafu wao. Ni Biblia inasema."

"Mchungaji," Edna akamjibu, "Mathayo sura ya kwanza nzima ni nini kama si majina ya wafu?"

Mchungaji alicheka na kumwacha aende zake.

Aliyemshinda ni Shangazi Chebet. Edna alimtumia picha ya jiwe kwenye simu ya mjukuu wa huyo shangazi kule Bomet, akidhani kazi imekwisha. Kikongwe aliitazama, akairudisha.

"Jiwe ni jiwe," alisema. "Watu weusi waliopelekwa huko walikuwa wengi. Niambie, alilazwa upande gani?"

Mwanamume wa Kipsigis wa enzi zile alilazwa kwa ubavu wa kulia, mwanamke kwa wa kushoto. Waingereza humlaza kila mtu chali. "Kama ni baba yangu," Shangazi alisema, "hakukubali kulazwa chali."

Audrey, aliyekulia Maryland na ambaye Kiswahili hukisikia vizuri ila hukijibu kwa Kiingereza, alimwonea mama yake huruma. "Mum, nobody writes that down."

"Nobody?" Edna alimgeukia. "Na mimi kila siku naandikanga nini?"

Hapo hapo akayasikia maneno yake mwenyewe. Kwa miezi yote hiyo alikuwa akiulizia kanisani, na kanisa huandika waliokwisha kufa. Anayeandika mtu amelala upande gani ni yule anayemgeuza. Kama Mosonik aliugua, kuna mtu alimuuguza, na mtu huyo alikuwa na daftari.

Aldercombe palikuwa na hospitali ndogo, ilifungwa zamani, na madaftari yake yapo kwenye hifadhi ya nyaraka ya jimbo. Edna aliandika, akangoja miezi mitatu, akaandika tena, akapiga simu wakati wa mapumziko ya chakula, akiwa amesimama kwenye maegesho ya magari na baridi ikimkata masikio. Walimwambia hakuna. Akawaambia watafute tena.

Mwezi Machi ulikuja ukurasa mmoja. Bi Harriet aliusoma kwa lenzi, kwa sauti, kwa kuwa yeye ndiye aliyezoea miandiko ya kale. Ilikuwa Februari 1938:

"Tom, Mwafrika, kichomi. Meno mawili ya mbele ya chini hayapo, yaling'olewa zamani. Hataki kulala chali. Kila tukimgeuza hurudi ubavu wa kulia, mkono chini ya kichwa. Amefariki saa nane mchana. Hatukumgeuza tena. Aliomba kwa ishara azikwe hivyo. Nimemwagiza seremala atengeneze sanduku pana."

Edna, ambaye wazee wa kwao waling'olewa meno hayo hayo mawili kwa desturi, alikaa chini, sakafuni, kando ya kitanda cha mgonjwa wake.

"Nilimlilia babu," anasema, "lakini nililia zaidi kwa ajili ya huyo muuguzi. Hata jina lake hakuandika. Angeweza kumlazimisha, mgonjwa hana nguvu, sisi tunajua. Akamwacha. Halafu akaandika."

Alimpigia Shangazi Chebet na kumweleza ukurasa unasema nini. Kisha akamsikia kikongwe akiagiza aletewe wembe. Alinyolewa kichwa siku hiyo hiyo, uani, kwa ajili ya baba ambaye hakuwahi kumtia machoni.

"Sasa mimi ni yatima," alimwambia Edna. Kisha, kwa sauti nyingine kabisa: "Huyo mtoto anazaliwa lini?"

Parokia nayo imeona ukurasa huo. Imekubali kwamba Tom ndiye Mosonik, ila sheria za uwanja ni zile zile. Edna amekwisha kukata tikiti ya Septemba. Anasema atasimama kando ya ule ukuta na kumwita babu yake kwa sauti, na anayetaka kumfukuza amfukuze.

"Jiwe lao wabaki nalo. Mtoto akilipokea, jina litaandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa, hapa Maryland. Hapo hawana kufuli."

Mpango wa siku yenyewe uko tayari. Simu itawekwa kwenye mto, na Shangazi Chebet ataita kutoka Bomet. Audrey amekubali, kwa sharti moja: ugoro wa kumchokoza mtoto apige chafya hautakanyaga hospitali. Kwa mara ya kwanza maishani, Shangazi ataanza na baba yake.

Saa mbili na nusu imefika. Edna anamgeuza Bi Harriet ubavu wa kushoto, anaandika, anarudisha daftari mahali pake. Je, mtoto asipopiga chafya?

"Tutaita tena," anasema. "Wamemwita Tom miaka themanini na saba, hajaitika. Tuone kama na jina lake mwenyewe atalikataa."