Kidani Kisicho na Shahidi

Mji mzima wa Bagamoyo ulimjua Sihaba binti Pazi, na siku alipouhitaji mji huo umtambue, ulimkana. Lisemwe mapema, msomaji asije akajipa matumaini bure.

Kazi yake ilikuwa kupamba maharusi. Alikuwa pia somo wa wasichana: aliwafunda walipovunja ungo, akawasinga liwa na kuwapaka hina, na siku ya ndoa akawavisha. Kila biharusi aliyepita mikononi mwake alitoka chumbani na kidani kilekile shingoni, cha dhahabu nzito, kazi ya mafundi wa zamani. Kidani kilikuwa mali ya Sihaba. Alirithishwa na bibi yake mzaa mama, mwanamke wa Pangani, aliyemvalisha kwa mkono wake mwenyewe siku chache kabla ya kufa.

Desturi ya watu wa pwani ni kwamba biharusi haendi kwa mumewe shingo tupu. Asiye na dhahabu huazimwa, na jambo hilo halisemwi. Wakwe wakiuliza, hujibiwa kuwa ni mali ya mwari mwenyewe. Fungate ikiisha, pambo hurudi kwa mwenyewe kimyakimya, chini ya khanga, na mume huambiwa limehifadhiwa kwa somo, penye usalama. Sihaba ndiye aliyewafunza wari wake maneno hayo: "Mumeo akikuuliza, mwambie ni changu, kipo kwa somo." Hakuwatoza kitu. Aliona anasitiri watoto wa watu, na kwa hilo alijivunia.

Nyumbani kwake mwenyewe hapakuwa na wa kumsitiri. Mumewe, Mwishehe, alikuwa ameoa mke wa pili Kiwangwa, alikolima mananasi. Kuoa si kosa, dini imemruhusu. Lakini dini haikumruhusu kupeleka kila kitu kwa mke mdogo na kumletea mke mkubwa nguo chafu na njaa. Alikuja alipotaka, akala alichokitafuta Sihaba, akamwita tasa mbele ya wageni, akalala katika nyumba aliyorithi Sihaba kwa baba yake, kisha akaondoka bila kuaga. Sihaba alipoomba talaka, alichekwa.

Mwaka wa sitini na nane alikwenda kwa sheikh. Sheikh akamwambia njia ipo: mke aliyechoka humrudishia mume mahari, naye humwacha. Mwishehe akaitwa, akakubali mbele ya watu.

"Mahari yangu irudi yote kabla ya Ramadhani, nitamwacha," alisema. "Ramadhani ikiingia, sitaki kulisikia tena neno hili."

Alikubali upesi kwa sababu aliamini mkewe hana mbele wala nyuma. Kidani kilikuwa kimemtoka kichwani.

Sihaba alikifunga kwenye leso, akaenda dukani kwa sonara wa Kihindi. Sonara alikipima, akatikisa kichwa kwa kukipenda, kisha akakirudisha juu ya meza ya kioo.

"Una kadi ya chama, mama? Au stakabadhi ya kodi?"

"Kodi wanalipa wanaume. Kadi sijachukua."

"Basi siwezi. Agizo limekuja, anayeuza dhahabu lazima ajitambulishe. Asiye na karatasi alete barua ya balozi wa nyumba kumi, iseme yeye ni nani na mali ni yake."

"Kulabu ya kidani hiki si uliitengeneza wewe? Si mimi niliyekuja kuichukua?"

"Ni wewe, mama. Lakini mwenzangu mmoja Dar es Salaam alinunua bangili, kumbe za wizi, wakamfungia duka. Na mimi Mhindi. Siku hizi nikisema neno, nani atanisikiliza?"

Balozi wake alikuwa Majaliwa, mtu mpole, aliyeupenda sana muhuri wake. Alimwamkia Sihaba kwa shikamoo na kumpa kiti barazani.

"Bi Sihaba, kwamba wewe ni wewe, hilo naliandika sasa hivi," alisema. "Umenilisha vitumbua tangu mtoto. Lakini kwamba mali ni yako, mlete mumeo aseme."

"Mali yangu, mume wa nini? Dini inasema mali ya mke ni ya mke."

"Dini inasema, na agizo nalo linasema. Ukishindwa kumleta, niletee watu wawili wanaokijua kidani hicho."

Hapo Sihaba alicheka kwa faraja. Nani Bagamoyo asiyekijua kidani kile? Kumleta Mwishehe kulikuwa muhali, maana ndiye aliyekuwa akimkimbia. Lakini wari wake walijaa mjini. Alikwenda kwa Somoe, akakubali. Akaenda kwa Dija, akakubali pia, ingawa kwa sauti ya chini.

Siku ya siku, baraza la Majaliwa likiwa limejaa majirani, Somoe alituma salamu kwamba amekwenda Saadani kumuuguza mama yake. Mama huyo alikuwa marehemu, na Sihaba mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliomwosha maiti.

Dija alikuja, ila hakuja peke yake. Aliongozana na mumewe Sharifu, karani wa ushirika, aliyebeba chini ya kwapa picha yao ya harusi ndani ya fremu, ile waliyopigwa studio. Sharifu hakuwa mwongo wala mwizi. Alikuwa mume aliyeambiwa jambo na mkewe, akaliamini.

"Miaka yote nauliza kidani cha mke wangu kiko wapi, naambiwa kiko kwa somo," alisema. "Leo nasikia somo anakiuza!"

Akaiweka picha mezani. Dija wa pichani alikaa wima, na kidani kilionekana shingoni mwake vizuri kabisa. Majaliwa aliitazama picha, akakitazama kidani, akaitazama tena picha. Sihaba hakuwa na picha. Alipoolewa yeye, nani mjini alipigwa picha?

"Bi Dija," balozi akauliza, "kidani hiki cha nani?"

Sihaba alimgeukia. Sihaba ndiye aliyemshika mkono binti huyu alipojifungua mtoto wake wa kwanza.

"Sema kweli, mwanangu," alimwambia. "Sitakulaumu, wala hapana wa kukulaumu."

Dija alivuta buibui hadi kwenye paji la uso. Hakumtazama mtu.

"Ni changu," akasema. "Kilikuwa kwa somo."

Maneno yaleyale aliyofunzwa, tena na Sihaba mwenyewe! Hasira zilimpanda, uvumilivu ukamwisha. Akasimama pale barazani, akawataja kwa majina wote aliowavisha kidani kile: Somoe, Dija, Tatu, Zuleha, na wengine ambao waume zao walikuwa wamekaa palepale wakisikiliza. Akawaambia wakalete picha zao zote, waone kama dhahabu si ileile moja.

Hakuna aliyekwenda kuleta picha. Kilichowakera watu hakikuwa kidani tena. Kilichowakera ni somo aliyeanika siri za wari. Wanawake waliokuwa wakichungulia mlangoni waliguna, wakampa kisogo. Wanaume walishuku, lakini nani angependa kuthibitisha kwamba alioa mke aliyepambwa kwa vitu vya kuazima? Ilikuwa rahisi zaidi kusema Sihaba amerukwa na akili.

Majaliwa alimkabidhi Sharifu kidani, akagonga muhuri.

"Ungekuja na mumeo tangu mwanzo, Bi Sihaba, haya yote yasingetokea," alisema kwa upole. Upole ule ulimchoma kuliko matusi.

Akajikaza, akamfuata Mwishehe, ambaye wiki hiyo alikuwa mjini. Alimkuta nyumbani anakula. Akamwomba aende kwa balozi akaseme anachokijua, kwamba kidani alikikuta shingoni mwake siku alipomwoa.

"Nikaseme, ukiuze, niondoke?" Mwishehe akamuuliza. "Mimi punguani?" Akasogeza sahani aongezewe mchuzi, naye akamwongezea. Ramadhani ikaingia, na ahadi ya mbele ya sheikh ikafa.

Hakuitwa tena kupamba biharusi. Alisuka ukili, akauza mikeka, akazeeka haraka. Ndani ya ile nyumba ya baba yake aliendelea kuishi na mtu asiyemtaka. Mwishehe alipopooza upande mmoja, mke wa Kiwangwa alimpakia kwenye gari la mananasi, akamrudisha Bagamoyo. Sihaba ndiye aliyemgeuza, akamlisha, akamfulia, hata alipokufa, miaka ya sabini ikiwa katikati. Kisha akamkalia eda ndani ya kaniki, kama mke yeyote anayemlilia mumewe.

Wanawake walikuja kumpa pole. Siku moja akaja Dija, mtu mzima sasa, amebeba sahani ya wali iliyofunikwa kwa kawa. Walikuwa hawajasemezana tangu siku ile ya barazani. Alikaa mkekani, akalia kidogo, akafuta macho kwa upindo wa khanga.

"Somo, Mungu akulipe kwa subira yako," alisema. "Sisi wanawake wa leo hatuna subira kama hiyo."

Sihaba alikuwa anachambua mchele. Hakuinua macho.

"Sikusubiri, Dija," alimjibu. "Mlinizuia."