Maji Ambayo Waisiko Hakuyanywa

Waisiko wa Nyanungu hakuwa mtu wa kuogopa ovyo. Alimzika mume, akalima ulezi peke yake, na wezi wa ng'ombe walipoingia bomani kwake aliwatoa mbio kwa panga na matusi. Lakini mama huyo huyo alishindwa kumwomba mkwewe asimamishe gari akakojoe. Ndiyo, hicho tu. Msinicheke.

Kansa ya mlango wa kizazi ilipompata, mwenye gari alikuwa mmoja, Erasto, mume wa binti yake Boke. Boke alikuwa na kichanga, akabaki. Kila baada ya wiki tatu Erasto alimpeleka Mwanza hospitali kwenye dripu ya dawa ya kansa na kumrudisha. Sasa, kwetu Wakurya mama na mkwewe hata usoni hawatazamani, sembuse kutajiana haja ndogo. Waisiko alikaa kiti cha nyuma, kajifunika kitenge. Erasto aliendesha shingo imekakamaa, kioo cha kati hakiangalii.

Nesi Gloria alimwambia wazi. "Mama, dawa hii ni kali kwa figo. Leo na kesho kunywa maji mengi yaisukume itoke. Chupa kubwa tatu kwa siku."

"Nitakunywa, binti yangu."

Angekunywa wapi, jamani? Njia yenyewe inamaliza siku. Erasto alimwekea katoni nzima pembeni, na kila baada ya mwendo kidogo aliuliza bila kugeuka, "Mama, maji yapo?"

"Yapo, mkwe."

Na kweli yalikuwepo. Yalifika Nyanungu hayajafunguliwa, wakanywa wajukuu, naye alikuwa hoi kwa kutapika, hata kikombe hakimpiti kooni.

Safari ya nne miguu ilikuwa imevimba na mkojo umekuwa wa kutafuta. Daktari aliyasoma majibu ya damu mara mbili.

"Figo zimeharibika, mama. Dripu naisimamisha, na uvimbe wa kansa bado upo. Maji ulikuwa unakunywa?"

"Nilikunywa," alisema Waisiko, maana Erasto alikuwa amesimama mlangoni.

Sasa yuko kitandani kwake. Uvimbe unakula unavyotaka, wala hakuna wa kuuzuia. Na maji, ambayo angeyanywa hata ndoo nzima kwa kiu aliyo nayo, amewekewa kipimo: kikombe asubuhi, kikombe jioni, yasimjae mapafuni. Boke humpimia huku analia. Ni yeye peke yake aliyeambiwa ukweli wa zile chupa.

"Mumeo asijue," Waisiko alimwonya. "Atasema yeye ndiye ameniua. Mtoto wa watu alinibeba vizuri."

Erasto bado anakuja kila jioni. Huinama, anaweka katoni nje ya mlango, kwa sababu hakuna jambo lingine analojua kumfanyia mkwewe.

"Mama, maji yapo?" anauliza kutoka nje.

Waisiko analamba midomo iliyopasuka. "Yapo, mkwe."