Kisu kilichogoma kutoka alani

Jua halijachomoza Galbet, mjini Garissa, na Rukiyo Dubow ameshakaa kwenye kigoda, sinia la nyama ya ngamia mbele yake, kisu cha dukani mkononi. Mpini wa kisu hicho ulivunjika, ukafungwa kwa raba ya tyubu ya baiskeli. Anavuta, nyama inagoma. Anavuta tena.

Juu ya kichwa chake, ukutani, kinaning'inia kisu kingine. Ala yake ni ya ngozi ya mbuzi iliyoshonwa kwa mkono, mpini ni wa pembe ya ng'ombe. Kila mgeni anayeingia hapa huuliza swali lile lile, nami niliuliza: kwa nini hutumii kile?

"Kile?" Rukiyo ananitazama kana kwamba nimemtukana. "Kile si cha kazi."

Mama huyu wa miaka 47 hutengeneza nyirinyiri: nyama ya ngamia inayokatwa vipande virefu, ikaanikwa, ikakatwakatwa tena vipande vidogo kama punje za mahindi, kisha ikakaangwa na kuhifadhiwa ndani ya samli. Kilo moja huiuza shilingi 1,300, na kwa kazi hiyo amesomesha watoto wanne. Kazi yenyewe ni kukata tu. Kiganja chake cha kulia kimejaa sugu, na kidole cha shahada cha kushoto hakikunjiki tangu mwaka juzi, kisu cha dukani kilipomteleza.

Kile cha ukutani kilifuliwa na baba yake, Mzee Dubow Abdille, mhunzi wa Habaswein, kutokana na springi ya lori. Karibu na mpini alichonga vinyota kwa patasi. Kilikuwa kisu chake cha mwisho, maana mikono ilikuwa imeanza kutetemeka. Alimpa binti yake alipoanza biashara, miaka kumi na sita iliyopita.

"Nikijua hatatengeneza kingine, nitakitiaje kwenye nyama?" anauliza. Kila Idi alikishusha, akaipaka ala samli, akakirudisha msumarini. Hakuwahi kukichomoa. Watu walitaka kukinunua, akawakatalia. Baba akipiga simu kukiulizia, jibu halikubadilika: kisu kipo, kizima kabisa.

Wiki hii mzee amekuja mwenyewe, kutibiwa macho yaliyoingia ukungu. Asubuhi hii amekaa mkekani na chai yake, na bila kutarajiwa anasema anataka kukishika kisu. Wanazungumza Kisomali. Arbia, jirani anayemsaidia Rukiyo kukata, ananitafsiria.

Rukiyo anakishusha kwa fahari. Mzee anapapasa ala, anapapasa mpini, anatabasamu. Kisha anavuta. Kisu hakitoki.

Anavuta tena. Rukiyo anacheka kidogo, anakipokea, naye anavuta, na kicheko kinamwishia. Arbia anashika ala, Rukiyo anashika mpini, na kisu kinatoka kwa mkwaruzo ulionitia ganzi ya meno.

Bapa lote lina rangi ya udongo. Kutu imelitafuna na kuliacha na vishimo, na unga mwekundu unamwagikia dera la Rukiyo. Mimi niliyekuja kuandika habari za nyama nafungua ukurasa mpya.

"Samli," Rukiyo ananong'ona. "Nilipaka samli."

"Ulipaka ngozi," mzee anasema, akipitisha kidole gumba juu ya chuma. Ngozi ya ala hutiwa chumvi inapotengenezwa, anaeleza. Ala ni ya njiani tu, na kisu kikifika nyumbani hutolewa. Jambo hilo hakudhani lahitaji kuambiwa mtoto wa mhunzi. Halafu anauliza swali lililotuumiza kuliko kutu.

"Umewahi kukata nacho?"

"Hapana, aabo," Rukiyo anamjibu baba yake.

"Hata mara moja?"

Rukiyo anatikisa kichwa. Mzee anageuza uso kuelekea mlangoni.

"Kule Habaswein nilikuwa najisemea, saa hizi Rukiyo anakata nacho," anasema. "Miaka yote hiyo. Hata sijui kama kilikuwa kinakata."

Rukiyo analia bila kujificha. "Wallahi, nilidhani nakiheshimu," ananiambia.

Arbia anamshauri akipake mafuta, akirudishe ukutani na asikiguse tena, kwa sababu kikinolewa vinyota vitaondoka. Mzee anakubali kwamba ni kweli. Kutu imeingia ndani, na ili makali yapatikane lazima chuma kingi kiliwe na jiwe, vinyota vikiwemo. Lakini kuamua anakataa.

"Ni chako. Mimi nilishakitoa."

Rukiyo anakaa nacho mapajani muda mrefu, akivipapasa vinyota. Viwili tu bado vinaonekana. Chai ya baba yake inapoa. Kisha anainuka, anaingia ndani na kurudi na kinoo na kopo la maji.

Ananoa mpaka jua linachoma mabati. Maji yanatoka mekundu, halafu ya kijivu, halafu safi. Mzee anasikiliza tu, ila mara mbili anamkemea: umekilaza sana, kiinue. Vinyota vinaondoka. Kinachobaki ni kisu chembamba chenye vishimo mgongoni, ambacho hakuna mgeni atakayeomba kukinunua.

Anakiosha kwa maji ya moto, anakiweka kwenye nyama, na kabla hajakaza mkono kipande kimeshalala kwenye sinia. Anakikodolea macho. Anakitazama kidole chake kisichokunjika.

"Kumbe," anasema, na hamalizi.

Arbia anamwekea mzee kile kipande mkononi. Anapapasa ukingo wake upande mmoja, kisha wa pili, bila haraka.

"Kinakata," anasema.

Rukiyo anataka kukitumia kukatia nyama ya harusi ya binti yake mwezi Desemba, baba yake akiwepo. Ala imebaki msumarini, tupu. Namuuliza itakuwaje, maana kisu kimeshakuwa chembamba na kila kukinoa kutakipunguza. Hajui, na anamgeukia mzee.

"Siku kikiisha kwa kukata nyama, mnipigie simu mniambie," anajibu Mzee Dubow. "Hiyo simu nitafurahi kuipokea."