Uzio wa Shoti kwa Mama Elibariki

Enzi zile za Mwingereza, siku yangu ya kwanza kazini katika karakana ya Kijenge, Bwana Fundi Mkuu aliniambia, "Shika waya huu." Nikashika. Mama yangu wee! Nilirushwa nikakalia ndoo ya grisi. Akacheka mpaka machozi. "Sasa unajua nguruwe anavyosikia. Kesho njoo mapema." Nami, mbishi tangu kuzaliwa, nikarudi.

Kazi yenyewe ilikuwa kufunga uzio wa umeme, wa kuzuia nguruwe pori mashambani. Betri ya lori inalisha kisanduku, kisanduku kinapiga shoti kwenye waya, shoti inayouma bila kuua. Waya haugusi kigingi. Tuliupitisha kwenye shingo za chupa za bia, maana kioo hakipitishi umeme. Chupa hatukununua. Bwana Fundi Mkuu alizimaliza mwenyewe, tena kwa bidii sana.

Mwanzo tulifunga kwa walowezi, upande wa Themi. Kisha ofisi ya kilimo ikataka tujaribu uzio wa bei nafuu kwa wakulima wadogo, tukapelekwa Meru juu kwa mjane mmoja, Mama Elibariki. Misimu miwili mfululizo nguruwe pori walikuwa wamefukua viazi vyake vyote. Shemeji yake alishamwambia, wakivila tena, rudi kwenu, watoto na shamba niachie mimi.

Tukafunga waya kwenye mstari wa masale, ile mimea ya majani marefu tunayopanda mpakani. Jioni shoti haikuweza kumshtua hata kuku. Majani mabichi yaligusa waya, umeme wote ukavujia ardhini. Bwana Fundi Mkuu akaamuru, "Kata yote!"

Mama Elibariki akasimama mbele ya panga langu. "Baba, masale hayakatwi. Haya ndiyo shahidi wangu. Mkiyakata leo, kesho shemeji atasema hapa hapakuwa na mpaka."

Nami ni Mmeru, kwetu kukata masale ni mwiko, ningeanzaje? Nikamwambia Bwana kwamba mama anasema kweli. Akanuna, akavuta kiko chake. Mwishowe akauliza, "Mama, tukiuingiza waya ndani hatua mbili, viazi vya hapo nje vitaliwa. Unakubali?"

"Vya hapo wale tu. Nao wana tumbo."

Tukaung'oa waya, tukaufunga upya ndani ya masale. Kesho yake magharibi nguruwe wa kwanza akapiga yowe, wenzake wakatimka kuelekea msituni. Mama Elibariki alijifunga kanga kiunoni akacheza palepale, nami nikacheza naye. Raha niliyoisikia siku ile sijaisahau.

Shemeji alikuja wakati wa mavuno. Akawekewa viazi vya moto, akala, akashukuru. Habari za mama kurudi kwao hakuzitaja tena.

Sasa nimestaafu, wajukuu zangu, na sina manung'uniko. Mashamba ya walowezi niliyozungushia waya mengi yamekuwa mitaa, sina hata kigingi cha kuwaonyesha. Mama Elibariki tulimzika akiwa na vitukuu, na tulimzika shambani kwake.