Koti la Baba Mdogo

Bati lililong'oka misumari lina kelele yake. Upepo ukivuma kutoka ziwani linajipiga papapa, linanyamaza kidogo mpaka unadhani limechoka, kisha linaanza upya. Nilipokuwa na miaka kumi, msimu mzima niliamka na kelele hiyo pale kijijini kwetu Usenge, na harufu ya dagaa wa omena walioanikwa imeingia mpaka ndani ya blanketi. Baba alikuwa amefariki miezi minane kabla. Nyumba ile aliijenga kwa mikono yake, ya udongo na mabati, na mama aliipenda jamani! Kila Ijumaa aliisiriba sakafu kwa udongo na samadi, akiichora mawimbi kwa vidole, na ole wako ukikanyaga kabla haijakauka. Hata mchungaji aliambiwa avue viatu mlangoni, akavua.

Upepo ulikuwa umebeba mabati matatu juu ya chumba cha kulala na kuliacha la nne likining'inia. Kwingine hilo lingekuwa jambo la asubuhi moja tu. Kwetu, mjane ambaye hajarithiwa na ndugu wa marehemu hana wa kumpandia paa. Anayepanda amejitafutia balaa, na mwanamke kupanda mwenyewe ndiyo kabisa haisemeki. Fundi alitazama mabati, akatazama ngazi, akasema, "Mama, mimi nina watoto wadogo." Wanaume wa kanisani walikuja wakaomba, wakaimba vizuri ajabu, wakanywa chai yetu yote, na ngazi hakuna aliyeigusa. Nilikuwa mtoto, lakini hilo nililiona, na mpaka leo likinijia nacheka kwa hasira.

Ndipo akaja Baba Mdogo, mdogo wake baba, mtu mpole asiyepandisha sauti. Alikuja na koti lake la kijivu amelikunja mkononi. Mila ina njia yake nyepesi, akamweleza mama: koti lake litundikwe kwenye msumari chumbani, lilale pale siku moja, na wazee wahesabu kwamba mjane amerithiwa. Kesho yake atapanda paa. "Sitakugusa, shemeji," akasema. "Nina mke wangu na ninakuheshimu. Ni koti tu." Mama alimkaribisha uji, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Najua ni koti tu, shemeji, na najua unatuhurumia. Lakini likitundikwa hapo nitakuwa nimesema nyumba hii inasimama kwa koti. Nilishasimama kanisani nikasema inasimama kwa nani. Siwezi kusema mambo mawili." Baba Mdogo alimaliza uji wake, akakunja koti upya, akaenda.

Mimi nilikasirika sana. Nilimfuata mama ufukweni, alikokuwa akigeuza omena juu ya nyavu kuukuu, nikamwuliza kama kweli Mungu mkubwa hivyo anaweza kuudhika kwa sababu ya koti. Nilitegemea kofi. Hakunipiga. Alifuta magamba mikononi akaniambia, "Akinyi, hii nyumba naipenda kuliko unavyojua. Nikiamka naiwaza kabla sijaomba. Wakiniambia niinamie kitu ili nibaki nayo, naona kabisa magoti yangu yanataka kuinama. Hapo ndipo nashtuka." Sikuelewa lolote. Jioni hiyo niliomba kwa siri, kwa bidii zote, kwamba mama ashindwe.

Hakushindwa. Mvua za masika zilikuja, nazo hazikuwa na utani. Tulitandaza nailoni, tukaziba kwa magunia, tukakinga maji kwa sufuria na mabeseni mpaka hatukuwa na cha kupikia. Maji yaliingia ukutani polepole. Jumapili moja tukitoka ibadani tulikuta ukuta wa nyuma umelala chini, kitanda kimefunikwa tope na yale mawimbi ya sakafuni hayaonekani tena. Mama alipiga yowe, akakaa kwenye tope na gauni lake la kanisani, akalia kama siku ya msiba wa baba. Sijawahi kumwona mtu akiililia nyumba vile. Baba Mdogo alikuja mbio, akatusaidia kutoa kitanda na masanduku, naye machozi yakimtoka. Hakumwambia mama, "Si nilikwambia?" Kwa hilo nitamheshimu mpaka kufa. Kufika jioni tulikuwa kwenye chumba kimoja cha kupanga karibu na soko, na kesho yake mama alikuwa kwenye omena zake akiimba. Watu walisema huyu sasa amekwisha. Nami nilisema hivyo hivyo moyoni, kwa miaka mingi, hata nilipokuwa nimeshasoma na kupata kazi yangu Kisumu.

Kazi yenyewe ilikuwa nzuri. Nilikuwa msimamizi katika kampuni ya kusindika samaki, na nyumba ya kampuni ilikuwa na vigae, maji ya moto na bustani ambayo sikuitolea jasho. Mwaka jana waliniletea fomu ya shehena iliyokuwa imeshaanza kuharibika, niandike kwamba samaki ni wa siku hiyo. Meneja alinisihi kwa upole kabisa. Ni sahihi yako tu, akasema. Nilishika kalamu nikaiwaza ile nyumba, chumba kwa chumba, na watoto wangu ndani yake, na kweli nilihisi magoti yangu yakitaka kuinama. Nikarudisha fomu tupu. Nilifukuzwa kazi, nikapewa hadi mwisho wa mwezi niwe nimehama.

Nilimpigia mama simu nikiwa nimekaa juu ya maboksi. Nilitaka kumwambia mengi, kwamba nilimwombea ashindwe, kwamba nilimwona mjinga miaka yote ile. Niliweza kusema tu, "Mama, nimekataa, na nyumba imeenda." Kisha nikasikia anasukuma meza katika kile kile chumba chake cha kupanga.

"Kuja basi na watoto," akasema. "Natoa hii meza, godoro la pili litaingia."

Nilimkabidhi mlinzi funguo, nikabeba watoto wangu kwenda Usenge, na njia nzima sikuona hofu.