Barwaqo Hakujisemea

Barwaqo ni binti wa dada yangu Saynab, wa Modogashe. Nimekaa naye hapa Garissa tangu alipoingia chuo, kwa hiyo ninayoyasema nimeyaona, na yale ambayo sikuyaona nilimbana mpaka akayatoa. Sokoni wameshaisimulia habari yake kila mtu kwa namna yake. Mmoja anasema alimtukana mgeni, mwingine anasema walimu walihongwa kwa sambusa zangu. Sambusa zangu hazijawahi kuhitaji msaada wa uongo. Wacha niiweke sawa.

Baba yake, Aden, ni dalali wa mifugo. Kwa asiyejua, kwetu mwenye mbuzi hamsifu mbuzi wake. Anasimama kando, kimya, kama mtu aliyekuwa anapita tu. Dalali ndiye anayemshika mnyama mdomo, anaonyesha meno, anasema. Na dalali mzuri kama Aden huanza na kilema. "Huyu mguu wa nyuma ulivunjika akiwa mdogo, tazama hapa." Mnunuzi akishaambiwa kilema, mema yanayofuata anayaamini. Barwaqo alikua akimsikia baba yake hivyo kila siku ya soko, amekaa juu ya mbao za zizi, mtoto wa kike peke yake pale, na hakuna aliyeweza kumteremsha. Nilimwambia dada yangu mapema: huyu atakuwa na kichwa kigumu. Akawa nacho.

Alipomaliza sekondari alisema anataka kompyuta. Siku ya kusajili masomo nilimsindikiza mwenyewe, nikaona maajabu. Vijana wetu husajili masomo kama wanavyopanda lori. Mmoja akipanda, binamu zake wote wanapanda, halafu ndipo wanauliza linaenda wapi. Binamu za Barwaqo walienda wote kwenye ukatibu. Yeye alisimama peke yake kwenye foleni ya kutengeneza programu, foleni ya wavulana, na nyuma yake akaja msichana mmoja wa Sangailu, Nasteho, ambaye hasemi mpaka umuulize mara mbili. Wakawa marafiki. Mmoja ana maneno, mwingine hana, nyumba yangu ikapata nafuu kidogo.

Mwaka wa pili alitengeneza kitu chake. Mimi niliishia darasa la saba, lakini hiki nilikielewa. Mchungaji anaandika kwenye simu mbuzi gani amechanjwa na lini. Mahali hapana mtandao, simu inakaa na habari hizo. Ikifika mahali mtandao upo, inatuma yenyewe. Kama mtu mwaminifu uliyempa salamu njiani, anakaa nazo mpaka afike. Na kwa asiyejua kusoma, Barwaqo alitia sauti yake mwenyewe, kwa Kisomali, inauliza na kungoja jibu. Nilisikia sauti hiyo jikoni kwangu mpaka nikaanza kuijibu.

Sasa tatizo. Somo la mwisho la kozi yao si la darasani. Ni kwenda kufanya kazi kwa watu, atachmenti, na chuo hakimsajili mtu katika somo hilo mpaka mwajiri akubali. Mwaka huu mwisho ulikuwa Ijumaa moja ya mwezi wa tano, kabla ya sala ya mchana. Ukipitwa, unangoja mwaka mzima. Na Barwaqo hakuwa na mwaka mzima. Dada yangu alikuwa amempigia simu, bila ukali, na hilo ndilo liliuma.

"Mwaka huu niliokupa, nimekupa," alimwambia. "Mwingine sina, hooyo, mwanangu. Miguu imekataa. Nahitaji mtu nyumbani."

Alizunguka mji. Ofisi ya watu wa mifugo wakamwambia watampigia. Maduka ya simu wakamwambia wana vijana wao. Ndipo idara ikatangaza kwamba kuna mama kutoka kampuni moja ya Nairobi atakuja mara mbili. Mara ya kwanza kuwapa mhadhara, mara ya pili, Siku ya Ajira, kuchagua wanafunzi wanne wa kuwachukua atachmenti.

Kwenye huo mhadhara mgeni alitaka kuwafundisha jinsi ya kujieleza. Akamnyooshea kidole Barwaqo. "Hebu niambie wewe ni nani."

Unajua alichojibu. Alijibu kama alivyolelewa. Alisema yeye ni Barwaqo wa Aden wa Maalim, akaendelea na babu baada ya babu, vizuri kabisa, hakuruka hata mmoja. Mgeni akainua mkono. "Hapana, nauliza wewe." Barwaqo akadhani mama wa watu hajatosheka, akaanza upande wa mama yake. Darasa likacheka, na wallahi hakuna hata mmoja wao ambaye angejibu tofauti.

"Sawa," mgeni akasema. "Wewe ni hodari kwa nini?"

"Alhamdulillahi, najaribu."

Basi. Mgeni akageukia mwingine.

Jioni alikuja kukaa jikoni, ananitazama nikikunja sambusa.

"Siku ya Ajira kila mtu anapewa dakika mbili ajisifu," akasema.

"Jisifu. Mwambie umetengeneza kile kitu cha mbuzi."

"Habaryar," akaniita, maana kwetu ndilo jina la mama mdogo, "wewe unaweza kusimama mbele ya watu useme mimi ni hodari?"

"Naweza."

"Wewe si mfano."

Nilimtupia kitambaa. Lakini nilimwona siku zile akijaribu. Anasimama mbele ya birika anasema, "Mimi ni mbunifu," halafu anaongeza mashallah haraka, asijitie jicho. "Mimi najituma, mashallah." Birika lenyewe halikumwamini. Siku ya tatu akaacha, akavaa shungi lake, akaenda kwa mkuu wa idara.

Mkuu wao ni Mwalimu Keynan, mtu wa Mandera aliyesoma Nairobi, suruali imepigwa pasi hata siku ya vumbi. Barwaqo alimwomba wanafunzi waruhusiwe kusemeana, kila mtu amsemee mwenzake.

"Barwaqo, huko nje kila mtu anajisemea," akamwambia. "Mkishindwa hapa, huko mtashindwa zaidi. Nikiwabadilishia utaratibu leo, kesho nani atawabadilishia?"

Hapo siwezi kumlaumu, alikuwa na maana yake.

"Lakini mwalimu, nikijisifu hata mimi mwenyewe siamini. Yeye ataamini vipi?"

"Dakika mbili zako ni zako. Ukizipoteza usije kunililia."

"Ni zangu?"

"Ni zako."

"Nashukuru, mwalimu."

Mwalimu Keynan akadhani amemaliza mazungumzo. Hakuwa amekua karibu na zizi la Aden.

Siku ya Ajira ilikuwa Jumatano, siku mbili kabla ya mwisho wa kusajili. Idara iliniagiza chai na sambusa, kwa hiyo nilikuwa ndani ya ukumbi nyuma kabisa, na mabirika yangu. Wanafunzi walikuwa wamevaa viatu vya kuazima. Mgeni alikaa mbele na Mwalimu Keynan. Wa kwanza kusimama alikuwa Ahmednoor, kijana mrefu ambaye alikuwa ametazama video za watu wa ng'ambo wanaofundisha kujisifu. Aliweka mkono kifuani.

"Mimi ni kiongozi wa kuzaliwa."

"Umeongoza nani?" mgeni akauliza.

Ahmednoor akafikiri. "Darasa."

Sasa kiongozi wa darasa ni Hamdi, na Hamdi alikuwa amekaa mbele yake. Aligeuka tu, akamtazama. Ukumbi ulicheka mpaka Ahmednoor akakaa kabla ya dakika zake kwisha. Waliomfuata waliogopa. Mmoja alisema yeye ni mtu wa Mungu, mwingine akawataja wajomba zake wenye vyeo. Mgeni alikuwa anatazama dirishani.

Barwaqo akaitwa. Akaenda mbele, akasimama sawa.

"Mimi sitajisemea," akasema. "Namsemea Nasteho."

Mgeni akatafuta kwa macho. "Nasteho ni yupi?"

"Yule anayejificha nyuma ya birika la habaryar yangu."

Kweli alikuwa hapo, ameshika kikombe kama ngao.

"Kilema chake kwanza," Barwaqo akasema, na nikamsikia baba yake ndani ya sauti ile. "Hasemi. Utampa kazi, hutajua kama ameisikia. Utadhani amelala. Ukitaka mtu wa kukuchekesha ofisini, mwache. Lakini wiki ya mtihani virusi vilipoingia kwenye mashine za maabara, sisi wote tulikimbia kumtafuta mwalimu, tunapiga kelele. Nasteho alikaa. Tuliporudi alikuwa amezisafisha zote isipokuwa moja. Na hiyo moja alikuwa ameibandika karatasi: hii sijaiweza. Hakuificha katikati ya zile nzima. Mwalimu Keynan tulirudi naye, muulizeni."

Mwalimu Keynan, kwa shida, akatikisa kichwa kukubali.

Mgeni aliacha kutazama dirishani. "Na wewe? Dakika zako zimeisha."

"Zimeisha. Nimezitumia."

"Nitajuaje basi kama wewe unaweza kazi?"

"Uliza watu. Kwetu habari ya kitu haulizwi mwenyewe."

Mgeni akazungusha macho ukumbi mzima. "Nani anamsemea huyu?"

Nasteho akafungua mdomo, hakikutoka kitu, machozi yakaanza badala ya maneno. Mimi ulimi ulikuwa tayari, ningeweza kusema mpaka magharibi. Lakini ndugu wa mwenye mbuzi si dalali. Nikisema mimi, nimeharibu. Nikauma shungi langu, nikanyamaza, jambo ambalo waliokuwepo wanalisimulia hadi leo kuliko yote mengine.

Nilimwona Barwaqo pale mbele. Hakuinama. Lakini vidole vilikuwa vinakunja pindo la shungi, na nilijua anaona nini. Anaona Modogashe, na mama yake amekaa mlangoni na miguu yake.

Kiti kikasukumwa. Ahmednoor. Yule yule waliyemcheka sasa hivi, na yeye mwenyewe anatafuta nafasi kati ya zile nne.

"Kilema chake ni mdomo," akasema. Hakuweka mkono kifuani safari hii. "Mwaka jana alitazama programu yangu mbele ya darasa zima, akaniambia hii ni takataka. Nilitaka kuhama idara."

"Ilikuwa takataka?" mgeni akauliza.

"Ilikuwa. Alikaa nami wiki nzima tukaitengeneza, na hakumwambia mtu. Halafu kile kitu chake cha chanjo, yeye hatawaambia hata mkimtishia. Mjomba wangu yuko Tarbaj, hajui kusoma wala kuandika, na anakitumia. Mwezi uliopita kilikorofisha hesabu ya wanyama wake, kikachanganya wa kwake na wa jirani. Mjomba akampigia simu huyu, akamtukana. Huyu akasikiliza matusi yote, akauliza, 'Adeer, mzee wangu, umemaliza? Sasa niambie ulibonyeza wapi.' Siku ya pili kilikuwa sawa."

Akakaa. Mgeni aliomba akione hicho kitu, akaisikiliza ile sauti ikiuliza mambo ya mbuzi, akawa anacheka peke yake. Kisha akamwambia Mwalimu Keynan kwamba waliokwisha kusema warudi, kila mmoja na msemaji wake. Mwalimu akatazama saa, akatazama ukumbi, watu walikuwa wameshaanza kuvutana mikono kutafuta wasemaji. Mchana ule ulikuwa soko hasa. Vilema vya vijana wa Garissa nilivisikia vyote, mmoja wao nilikuwa namfikiria kwa binti wa jirani, nikamfuta. Chai yangu ilipoa na hakuna aliyejali.

Ahmednoor hakuwa na msemaji. Barwaqo alinyanyuka kumsemea, mgeni akakataa kwa upole, dakika za Barwaqo zilikuwa zimeisha, na haki ni haki. Alisemewa na mvulana mmoja aliyesahau nusu ya maneno.

Majina manne yakasomwa. Nasteho. Hamdi. Mvulana mmoja wa ng'ambo ya mto. Barwaqo.

Nilipiga kigelegele, nikaona uso wa msichana wangu, nikakikatiza katikati. Alikuwa anamtazama Ahmednoor, na Ahmednoor alikuwa anatazama viatu vyake vya kuazima.

Alhamisi asubuhi nikamwambia aende kusajili kabla mfumo haujaleta maneno. Akasema, "Bado." Nikamuuliza bado nini, barua ya mgeni anayo mkononi. Akavaa viatu, akampitia Ahmednoor kwao, akamburuta mpaka ofisi ya mifugo, ile ile iliyosema itampigia. Waliambiwa bwana mkubwa hayupo. Wakarudi Ijumaa mlango unafunguliwa, nami nikafuata, kwa sababu nilikuwa napita. Msiniulize nilikuwa napita kwenda wapi.

Bwana mkubwa alifika saa tano imepita, akamkumbuka. "Wewe ndiye uliyekuja kuomba nafasi? Nilikuwa nitakupigia."

"Mimi nimepata kwingine," Barwaqo akasema. "Nimekuletea mwingine. Kilema chake kwanza: anapenda kusema yeye ni kiongozi, na si kiongozi wa mtu yeyote. Lakini mtu huyu alisimama kunisemea siku ambayo kusema kulimharibia yeye mwenyewe. Na kompyuta zako hapo nyuma, zile zilizofunikwa gunia, atazitengeneza kabla hujapata chai."

Bwana mkubwa akamtazama Ahmednoor kutoka juu hadi chini. Akazunguka akamtazama pia kutoka nyuma, haki ya Mungu. Kisha akamgeukia Barwaqo.

"Na wewe ni nani wake? Dada?"

"Hapana."

"Mchumba?"

Ahmednoor akakohoa. Barwaqo hakupepesa jicho.

"Mimi ni dalali," akasema. "Weka sahihi, adeer, adhana inakaribia na bado hatujasajili sisi wote wawili."