Magita ya Visanduku

Jirani yangu hugeuza visanduku vya mbao vya majani ya chai kuwa magita. Huvitoboa tundu, akavipachika shingo ya ubao, akavipaka vanishi mpaka vidole vinanata, kisha hujiita fundi wa muziki. Debe tupu huvuma. Magita yake hata hilo hayawezi. Akigusa uzi mmoja, hukunja uso na kuulaumu.

Juzi shemeji yake, mdogo wa mkewe, aliacha vyombo, akafuta povu mikononi, akaangua gita moja ukutani, akakaza nyuzi na kupiga. Uani tukaacha kazi zetu, tukasogea karibu. Jirani alisikiliza mpaka mwisho, ameinamisha kichwa, halafu akampokonya.

“Shemeji, gundi haijakauka,” alisema.

Gita lile lilikuwa limetundikwa pale tangu mwaka juzi.